Picha za riwaya za enzi ya Victoria: nani alichora, nani alichonga, na kwa nini nakala mbili hazifanani

Picha ya mtoto aliyekonda, bakuli mkononi, akiomba aongezewe uji, huzunguka mitandaoni kila baada ya muda, na maelezo yanayoandamana nayo ni ya kila namna. Mmoja ataandika kwamba ilichorwa na mwandishi wa riwaya Charles Dickens mwenyewe. Mwingine ataiita picha ya penseli. Wa tatu anauza ukurasa uliokatwa kitabuni akiuita "mchoro halisi". Wote watatu wamekosea, na si ajabu wakosee, kwa sababu Kiswahili cha kila siku kina neno moja, picha, kwa vitu vinne au vitano ambavyo wachapaji wa London wa karne ya 19 walivitofautisha na kuvitoza bei mbalimbali.

Picha hiyo ni ya mchoraji George Cruikshank. Ilitoka Februari 1837 katika jarida la Bentley's Miscellany, pamoja na sura za mwanzo za riwaya ya Dickens, Oliver Twist, na ilikuwa ya kwanza kati ya picha 24 alizoitengenezea hadithi hiyo. Cruikshank hakuigusa karatasi iliyomfikia msomaji. Alichora kwa sindano juu ya bamba la chuma, tindikali ikaila mistari, mchapaji akajaza wino, na karatasi kwa maelfu zikapita juu yake. Ukurasa ule unaouzwa ni mmoja kati ya maelfu hayo. Unaweza kuwa wa zamani kweli, lakini mchoro wa mkono si wenyewe.

Basi tuanze na majina. Enzi ya Victoria ni miaka ya utawala wa Malkia Victoria wa Uingereza, 1837 hadi 1901. Jane Austen, mwandishi wa riwaya aliyefariki 1817, hayumo, hata kama nakala yake yenye picha unayoiona ilichapwa 1894. Mchoraji ni yule anayeibuni picha. Mchongaji ni yule anayeihamishia kwenye kitu kigumu kitakachobeba wino. Mchapaji anaendesha mashine. Mchapishaji ndiye mwenye mtaji, anayelipa wote na kuuza kitabu. Chapa ni karatasi moja iliyotoka mashineni. Kwenye bamba la chuma, mchoraji na mchongaji mara nyingi walikuwa mtu mmoja. Kwenye kibao cha mti, karibu kila mara walikuwa watu wawili, na hapo ndipo majina yanapoanza kugongana.

Mhuri na chale

Chukua mhuri wa ofisi ya serikali ya mtaa. Herufi zimeinuka, wino unakaa juu yake, na palipochimbwa panabaki peupe. Picha ya kibao cha mti ni mhuri. Sasa fikiria chale: ngozi inachanjwa, dawa nyeusi inasuguliwa, ya juu inafutwa, na inayobaki ni ile iliyozama kwenye mkato. Picha ya bamba la chuma ni chale. Wino umo ndani ya mifereji, na karatasi iliyoloweshwa inagandamizwa kwa nguvu nyingi hadi iingie humo na kuunyonya.

Maandishi ya kitabu yalipigwa kwa herufi za risasi, na herufi hizo nazo ni mihuri. Kwa hiyo kibao cha mti kiliweza kufungwa pamoja na herufi katika fremu moja, kikapakwa wino mmoja na kupigwa kwa mkupuo mmoja, picha katikati ya sentensi. Bamba la chuma halikuweza kamwe. Lilihitaji mashine yake, karatasi yake na fundi wake. Mengi yanayowachanganya watu kuhusu vitabu hivi yanatokana na tofauti hiyo moja.

Bamba linavyotengenezwa

Anayejua kutengeneza batiki tayari anajua nusu ya kazi ya Cruikshank. Kwenye batiki, nta inazuia rangi isishike kitambaa. Kwenye bamba, nta inazuia tindikali isile chuma. Bamba linasuguliwa hadi ling'ae kama kioo, linapashwa moto, kisha linapakwa tabaka jembamba la nta iliyochanganywa na lami na utomvu wa miti. Linageuzwa uso chini juu ya moshi wa mshumaa ili nta iwe nyeusi, maana mstari wa chuma kinachong'aa unaonekana vizuri penye weusi. Mchoro wa penseli uliofanywa kwenye karatasi unalazwa juu yake uso chini, ukiwa na unyevu, na kupitishwa mashineni. Risasi ya penseli inaacha alama kwenye nta. Mchoraji anazifuata alama kwa sindano. Hachimbi chuma, anakwangua nta tu, ndiyo maana mistari ya picha hizi inakwenda kwa wepesi kama ya kalamu, ikijikunja na kukatana popote inapotaka.

Kuulaza mchoro uso chini kuna sababu. Chapa yoyote hutoka imepinduka, kama uso wako kwenye kioo. Mchoro uliohamishwa kwa njia hii umeshapinduka mara moja kwenye nta, kwa hiyo ukipinduka tena karatasini unarudi ulivyokuwa. Aliyechora moja kwa moja bambani bila kukumbuka hilo alipata askari wanaoshika panga kwa mkono wa kushoto, koti lenye vifungo upande usio wake, na jina la duka linalosomeka kinyumenyume.

Baada ya sindano inakuja tindikali iliyozimuliwa kwa maji. Mistari ya mbali, kama anga au ukuta wa nyuma ya chumba, inatakiwa iliwe kidogo tu. Kwa hiyo tindikali inaachwa kwa muda mfupi, inamwagwa, mistari hiyo inazibwa kwa vanishi, halafu tindikali inarudishwa ile mistari ya mbele kwa kina zaidi. Hili linarudiwa mara kadhaa. Weusi wa kanzu ya mtu aliyesimama mbele, ukilinganisha na wepesi wa wingu, ni suala la muda ndani ya tindikali na wala si la nguvu ya mkono.

Na humo ndimo kazi inamoharibika. Nta ikiwa na ufa, tindikali inapenya na kuacha vidoa vyeusi mahali pasipohusika. Ikiachwa mno, mistari iliyo karibu inakulana na kuwa doa moja, na uso wa mtu unageuka kivuli. Ikitolewa mapema, mistari ni mifupi ya kina, chapa za kwanza zinapendeza, za baadaye zinafifia. Kusahihisha kunamaanisha kuikwangua sehemu nzima, kuligonga bamba kwa nyuma hadi uso ulingane tena, kisha kuanza upya na nta. Kwenye shaba hilo linavumilika. Kwenye feleji ni adhabu, kwa ugumu wake. Lakini wachapishaji walitaka feleji, kwa kuwa shaba ni laini na huchakaa mapema, na vitabu vyao vilikuwa vinauzwa kwa maelfu.

Kupiga chapa nako kulikuwa kazi ya mkono. Bamba linapashwa joto, linapakwa wino, linafutwa kwa kitambaa halafu kwa kiganja, linawekewa karatasi yenye unyevu, linapitishwa kati ya rola mbili. Chapa moja. Kisha yote yanaanza tena. Ndiyo maana picha hizi ziko kwenye karatasi nzito kuliko ya maandishi, kwa kawaida nyuma yake hakuna kitu, na pembezoni mwa picha, kama karatasi haijapunguzwa, unaweza kuona mbonyeo wa ukingo wa bamba. Karatasi hiyo ndiyo inayoota madoa ya kahawia haraka, na ikikaa miaka mingi inaacha kivuli chake kwenye ukurasa unaoitazama. Watu huona kivuli hicho wakadhani kitabu kimelowa maji.

Picha ilipotangulia hadithi

Aprili 1836 wachapishaji Chapman and Hall walianza kutoa The Pickwick Papers kwa mafungu ya kila mwezi, shilingi moja kila fungu. Aliyekuwa mkubwa mwanzoni ni mchoraji, Robert Seymour. Wazo lilikuwa lake: picha za wanamichezo wasiojua michezo, na kijana Dickens aandike maneno ya kuzisindikiza. Mpango ulikuwa picha nne na kurasa 24 kwa mwezi. Seymour alijiua tarehe 20 Aprili, kabla fungu la pili halijatoka. Robert Buss akajaribiwa, picha mbili zake hazikuridhisha, akaondolewa. Akaja Hablot Knight Browne, kijana wa miaka 20, aliyetia sahihi Phiz, na akabaki na Dickens kwa zaidi ya miaka 20, katika riwaya kumi. Mpango ukageuzwa: kurasa 32 za maandishi na picha mbili. Mizani ikahamia kwa mwandishi.

Muundo huo ukawa mtindo. Riwaya nzima ilikuwa mafungu 20 yaliyotolewa kwa miezi 19, maana la mwisho lilikuwa pacha, na liliuzwa shilingi mbili. Msomaji alilipa shilingi 20 kidogokidogo, wakati riwaya ya juzuu tatu dukani ilikuwa shilingi 31 na peni 6 kwa mpigo. Fungu lenyewe lilikuwa na jalada la karatasi lenye mchoro, matangazo ya biashara, na picha zake mbili zikiwa mbele, kabla ya neno la kwanza la hadithi.

Hapo pazuri kutulia kidogo. Msomaji wa miaka ya 1840 alifungua fungu la mwezi akakutana na picha mbili za mambo ambayo hajayasoma. Nani huyu analia? Kwa nini mlango uko wazi? Alisoma kurasa 32 akizitafuta picha hizo ndani ya maneno. Hadithi ilipokamilika, mafungu yalipelekwa kwa fundi jalada pamoja na orodha inayosema kila picha ikae mkabala wa ukurasa gani, na matangazo yakatupwa. Sisi tunaosoma nakala zilizojalidiwa tunakutana na picha mahali pake pa "haki", sentensi inapoifikia. Ni usomaji mwingine kabisa. Na fundi akikosea orodha, picha hukaa sura mbili mbele na kufichua kifo kabla ya wakati. Makosa hayo yapo kwenye nakala nyingi za zamani.

Mchoraji naye alikuwa akikimbizana na saa. Bamba lilihitaji siku nyingi, kwa hiyo Dickens mara nyingi alimweleza Phiz tukio kabla hajamaliza kuliandika, akapokea rasimu ya penseli, akatoa maoni, bamba likaanza. Katika Dombey and Son, 1846, mtoto Paul anatakiwa akae kwenye kiti kidogo cha mikono pembeni mwa moto, akimkodolea macho Bi Pipchin kutoka chini. Phiz alimpandisha kwenye kiti kirefu. Dickens alisikitika sana, akaandika hivyo kwa rafiki yake John Forster. Lakini mwezi ulikuwa umekwisha na picha ilichapwa vilevile, na iko vilevile hadi leo. Ukikuta picha na maandishi havipatani katika riwaya ya mafungu, usikimbilie kusema mchoraji hakusoma. Huenda hakukuwa na cha kusoma bado.

Kwa nini nakala mbili hazifanani

Pickwick ilianza kwa nakala chache ikaishia takriban 40,000 kwa mwezi. Bamba moja lisingeweza, na hata kama lingeweza, chapa moja moja kwa mkono ingechelewesha soko. Dawa ilikuwa kuchora picha ileile kwenye bamba la pili, wakati mwingine la tatu, na kuyapiga yote sambamba. Mkono wa binadamu haurudii mstari uleule. Kwa hiyo kwenye nakala moja mbwa ameinua mguu kidogo, kwenye nyingine kofia imeinama.

Mfano unaowagombanisha wakusanyaji vitabu uko kwenye picha ya ukurasa wa jina la kitabu ya Martin Chuzzlewit, riwaya ya Dickens ya 1843 hadi 1844. Kuna nguzo ya njia panda yenye tangazo la zawadi. Baadhi ya nakala zina 100£, alama ya pauni ikiwa nyuma. Nyingine zina £100. Wauzaji wamezoea kusema yenye kosa ndiyo ya kwanza, na bei inapanda. Picha hiyo ilichorwa kwenye mabamba matatu ili yatumike kwa pamoja, kwa hiyo kosa la alama linakuambia bamba gani lilitumika tu, halikuambii siku. Wala nakala iliyo tofauti na ya jirani si ya bandia.

Kibao cha mti

Thomas Bewick, mchongaji wa Newcastle aliyefariki 1828, ndiye aliyeifanya njia hii iheshimike. Mafundi wa milango ya Zanzibar huchonga ubao uliopasuliwa kwa urefu wa gogo, wakifuata nyuzi za mti. Wachongaji wa Bewick walitumia gogo lililokatwa kwa kukingama, ule uso wenye pete, wa mti uitwao boksi, mti wa polepole na mgumu sana. Hapo chombo hakilazimiki kufuata nyuzi. Patasi nyembamba inakwenda upande wowote bila mti kupasuka, na inaweza kuacha mstari mwembamba kama unywele. Kibao kinasawazishwa hadi unene wa herufi za risasi, milimita 23 na nukta chache, kwa sababu kikizidi hata kidogo kinatoboa karatasi na kikipungua hakishiki wino.

Mti wa boksi haunenepi. Picha kubwa ilitengenezwa kwa vibao vidogo vilivyounganishwa, na majarida yenye haraka yalivigawa kwa wachongaji kadhaa, kila mmoja akichonga kipande chake usiku huohuo. Ukiangalia picha kubwa za magazeti ya wakati huo utaona mara nyingine mstari mweupe mwembamba uliopita katikati ya anga na kushuka kwenye nyumba. Watu huudhania mkunjo wa karatasi. Ni kiungo cha vibao kilichoachia.

Uso wa kibao ulipakwa rangi nyeupe, mchoraji akachora juu yake, na mchongaji akaondoa kila kisichokuwa mstari. Fikiria mistari iliyokatana kama chekeche kwenye kivuli cha sketi. Kwa kalamu ni sekunde kumi. Kwa mchongaji, kila tundu jeupe kati ya mistari ni pembenne ndogo ya kuchimbwa peke yake, mamia kwa mamia. Mchoraji mwenye huruma, au mwenye akili, alichora mistari sambamba. Mchoraji Dante Gabriel Rossetti, alipochorea toleo la 1857 la mashairi ya mshairi Tennyson, alijaza vibao kwa penseli, wino na rangi za kupaka, akawaachia wachongaji watafute mstari ulipo, halafu akawalaumu kwa matokeo. Lawama hiyo imerudiwa mno na wanaomwamini mchoraji daima. Kijivu hakichongeki, fundi alilazimika kukigeuza kuwa mistari, na hiyo ni kazi ya kubuni kama ya mchoraji mwenyewe.

Kazi ikikamilika, mchoro wa asili umekwisha. Umechongwa, umekuwa vumbi la mti. Hapo tena mwenye kuuza "mchoro halisi" wa kibao cha 1850 ajiulize anauza nini. Ni kuanzia miaka ya 1860 ndipo mafundi walipoanza kuipiga picha karatasi ya mchoraji na kuihamishia kibaoni kwa njia ya kamera, na mchoro wenyewe ukapona.

Majina mawili yaliyo chini ya picha hizi yanapotosha watu kila siku. Pembe moja utakuta herufi zilizosukwa za mchoraji, kama JT ya John Tenniel. Pembe nyingine utakuta DALZIEL kwa herufi wazi, na ndiyo inayosomeka, basi mtu anaandika "picha ya Dalziel". Akina Dalziel walikuwa ndugu wenye karakana ya kuchonga London, na jina hilo linafunika mikono ya wafanyakazi wengi. Joseph Swain alikuwa na karakana kama hiyo. Ukiona sc baada ya jina, ni kifupi cha Kilatini cha "amechonga". Del ni "amechora".

Kibao hakikutumwa moja kwa moja mashineni kwa kitabu kikubwa. Kilipigwa mhuri kwenye nta, nta ikapakwa unga wa grafiti ili ipitishe umeme, ikaning'inizwa kwenye pipa la maji ya madini ya shaba, na tabaka jembamba la shaba likajijenga juu yake usiku kucha. Shaba hiyo ilijazwa risasi nyuma ipate unene, nayo ndiyo ikachapa. Kibao kikahifadhiwa. Vibao vya Alice's Adventures in Wonderland vya 1865 vilikutwa salama kwenye chumba cha hazina cha benki London mwaka 1985, baada ya miaka mia na zaidi.

Kitabu hicho kina picha 42 za Tenniel, na ndicho mfano bora wa madhara ya mchapaji. Nakala 2,000 za kwanza zilikuwa zimechapwa Oxford. Tenniel aliziona, akasema picha zimechapwa vibaya, na mwandishi wake, Lewis Carroll, aliyekuwa akilipia gharama mwenyewe, akakubali kitabu kizima kichapwe upya na mchapaji mwingine, Richard Clay. Vibao vilikuwa vilevile, mchongaji yuleyule. Kilichobadilika ni mashine na mkono. Mchapaji mzuri alitumia saa nyingi kubandika vipande vya karatasi laini mahali panapotakiwa kubanwa zaidi, penye weusi, na kupunguza penye mistari myembamba. Asipofanya hivyo, uso wa mtoto unakuwa wa kijivu sawa na ukuta. Zile karatasi zilizokataliwa hazikutupwa: ziliuzwa kwa mchapishaji Appleton wa New York zikatoka huko 1866.

Na kwa kuwa kibao hukaa pamoja na herufi, Carroll na Tenniel waliweza kucheza na ukurasa wenyewe. Katika kitabu cha pili, Through the Looking-Glass, Alice anapanda juu ya meko na kuingia kwenye kioo. Picha ya kwanza, mgongo wake ukituelekea, iko upande mmoja wa karatasi. Unafungua ukurasa, na nyuma ya karatasi ileile, mahali palepale, yuko anatokea upande wa pili. Karatasi ndiyo kioo. Bamba la chuma lisingeweza kufanya hivyo, na toleo lolote la leo linalosogeza picha ukurasa mmoja mbele limeua kitu ambacho hakuna maelezo yatakayokifufua. Kitabu cha kwanza kilipotolewa kwa Kiswahili na Sheldon Press ya London mwaka 1940, kwa jina Elisi katika Nchi ya Ajabu, picha zilichorwa upya na Elisi akawa msichana wa Kiafrika.

Si riwaya zote, na si mapambo

Imani kwamba kila riwaya ya Victoria ilitoka na picha imetokana na umaarufu wa Dickens. Riwaya za juzuu tatu, zilizokodishwa na maktaba za kulipia kama ya Mudie, kwa kawaida hazikuwa na picha. Jane Eyre na Wuthering Heights, zote za 1847, zilitoka bila hata moja. Great Expectations ya Dickens ilitoka kwa wiki katika jarida lake mwenyewe, 1860 hadi 1861, maneno matupu. Picha unazoziona kwenye nakala za leo za vitabu hivyo zilitengenezwa baadaye na watu wengine.

Imani ya pili ni kwamba picha inarudia tu yaliyoandikwa. Mwandishi Thackeray alijichorea mwenyewe riwaya yake, Vanity Fair, 1847 hadi 1848. Karibu na mwisho, Jos Sedley, aliyemwogopa Becky Sharp na kumwachia bima ya maisha yake, anakufa. Maandishi hayasemi vipi. Lakini picha inamwonyesha Jos akisihi, na Becky amejificha nyuma ya pazia, na maneno chini yake yanamwita Clytemnestra, yule mwanamke wa hadithi za Wayunani aliyemuua mumewe. Shtaka limo kwenye picha peke yake. Chapisha riwaya hiyo bila picha na umeondoa ushahidi.

Kofia yenye vipeto vya masikio ya Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithi, nayo haikuanza na maneno ya mwandishi wake, Arthur Conan Doyle. Kwanza aliandika kofia ya kitambaa inayobana kichwa. Sidney Paget, akichorea jarida la Strand mwaka 1891, ndiye aliyeamua iwe ile.

Phiz alikuwa na njia ya kusema kwa giza. Kwa Bleak House, riwaya ya Dickens ya 1852 hadi 1853, alitengeneza mabamba kumi ambayo kwanza yalipitishwa kwenye mashine ya kuchora mistari myembamba sambamba juu ya nta yote, kisha akapunguza giza hatua kwa hatua kwa vanishi na tindikali. Baadhi ya picha hizo hazina mtu hata mmoja: mtaa unaooza, kaburi la familia kwenye miti. Zilichakaa haraka kwa wembamba wa mistari yake, na kwenye matoleo ya baadaye zimekuwa matope. Aliyeziona humo tu hajaziona.

Kamera, na jinsi ya kutazama

Miaka ya 1880 na 1890 kamera ilimwondoa mchongaji. Mchoro wa wino ulipigwa picha juu ya bamba la zinki, tindikali ikaondoa pasipo na mstari, na kibao cha mhuri kikapatikana bila patasi. Ndiyo maana Hugh Thomson aliweza kuijaza Pride and Prejudice ya George Allen, ile ya 1894, kwa michoro 160 yenye mistari ya kalamu tupu. Picha zenye rangi za kijivu zilivunjwa kuwa nukta, kama bango la barabarani ukilisogelea.

Kwa hiyo ukiwa na ukurasa mkononi, tafuta lenzi ya kukuza mara kumi. Nukta zilizopangwa kwa safu zinakupeleka mwisho wa karne ya 19 au baadaye, hata kama picha yenyewe ni ya 1837. Mistari yenye wino uliosukumwa pembeni ikawa na ukingo mweusi kuliko katikati ni mhuri: kibao, shaba iliyotokana nacho, au zinki. Geuza karatasi, mhuri mara nyingi umeacha uvimbe hafifu nyuma. Mistari iliyoinuka juu ya karatasi hata kidole kikaihisi, na ncha zake zikiisha butu, ni bamba lililoliwa na tindikali. Kisha tazama nyuma: kukiwa na maandishi ya hadithi, ni nadra sana iwe picha ya bamba la chuma.

Kwenye skrini vipimo hivyo havifanyi kazi, ila mambo matatu bado yanasaidia. Tafuta picha za skani za toleo la mwanzo zenye ukurasa mzima, si picha iliyokatwa pembe, maana majina ya chini na mahali pake ukurasani ni sehemu ya habari. Tazama mwaka wa toleo lililoskaniwa na si mwaka wa riwaya. Na ukiwa unasoma hadithi iliyotoka kwa mafungu, fungua picha mbili za fungu hilo kwanza, zitazame vizuri, ndipo urudi kwenye sentensi ya kwanza.